Mstari wa Viatu

Jumatatu, 3 Machi 1975
Uji bila sukari. Miguu imevimba tena. Moyo huu haufiki Krismasi.
Meja kaja kutoka Bugolobi na bintiye Zainabu, miaka tisa, nimpime kimo kwenye mwimo wa mlango. Kamtanguliza kama fahali wa maonyesho. “Mzee, ona mtoto yangu! Mafuta tu! Kwangu hakuna njaa.” Mpumbavu. Anadhani unene ni cheo.
Kiatu cha mtoto kilikuwa kimepasuka, nikampima peku. Mstari wa leo uko chini ya ule wa mwaka juzi.

Jumanne, 4 Machi
Niungame. Mwaka juzi nilimpima na viatu vyake vya kisigino. Meja alikataa avuliwe. Eti kuvua ni kwa watoto wa makabwela. Nami nilikwisha kujua. Mtoto anayenenepa kwa kula tu hurefuka pia. Anayenenepa huku kimo kimesimama, homoni zake zina kasoro. Ngozi kavu. Sauti nzito. Sweta saa sita mchana. Tezi ya shingoni imelala.
Nikaandika: afya njema. Bastola yake ilikuwa mezani. Miaka arobaini ya udaktari, kwisha.
Namdharau Meja. Najidharau zaidi.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwita mama yake Zainabu. Nimemwonyesha mistari yote miwili, nikasema yote. Hakulia. “Mzee, wewe najua miaka mbili, nakunywa chai yangu, nanyamaza?”
Ndiyo.
Vidonge vya tezi havipo madukani. Mama anamjua mchuuzi Mkongo pale Kabalagala. Ataagiza.

Jumatano, 12 Machi
Meja amekuja, anafoka. “Nani nasema mtoto yangu mgonjwa?” Mimi. Nikamwambia hivyo usoni. Akacheka: “Wewe maiti tayari.” Kwa mara ya kwanza kasema kweli.
Nikampa penseli apime mwenyewe. Akamvua binti viatu. Akapima mara tatu. Jitu lile, na nyota zake zote begani, likapiga magoti kutazama mstari.
Akaondoka bila kuaga. Vidonge hajavikataza.

Jumapili, 7 Septemba
Siwezi tena kusimama. Mama amepima, mimi nikitazama kutoka kitandani. Zainabu, peku, amepita mstari wa viatu. Upana wa kidole.
Mama ametaka kuufuta ule wa zamani. Nimemkataza. Ubaki.
Mtoto kasema humu ndani mna joto. Amevua sweta, akafungua dirisha.
Nimeliacha wazi.