Wekundu Tuliousubiri Dirishani

Mama Zuhura wangu,

Tangu asubuhi nina jambo na sina wa kumwambia. Zuhura nimempigia, akasema yuko kazini, atanipigia baadaye. Basi nakuandikia wewe, maana jambo lenyewe ni lako. Ni kuhusu lile neno ulilojiita.

Unaikumbuka karatasi ya ndani ya boksi la vidonge vyako vya saratani? Uliniambia nikusomee yote, ukisema Kiingereza kinakuumiza kichwa kuliko ugonjwa. Nikakutafsiria: viganja na nyayo zikiwa nyekundu, mwone daktari haraka. Tangu hapo, kila siku kabla ya chai ulisimama dirishani, hapo sebuleni kwetu Tumbi, Kibaha, ukanyoosha mikono kama mwanafunzi anayekaguliwa kucha. Nikitazama, nikisema hakuna wekundu, unajibu, basi mimina chai. Nilizipenda sana asubuhi zile, pamoja na ugonjwa wote.

Wekundu haukuja. Ulikuja weusi, ukaanzia kwenye mistari ya viganja, ukashika kucha, ukashuka mpaka nyayoni. Wewe ukasema ni mkaa, mimi nikasema ni uzee, ukaninunia kutwa nzima.

Kisha tukaenda Kisarawe kumwoza binti wa kaka yako. Wanawake walijaa uani wanapakana hina, na wengi hawakujua kama unaumwa. Shangazi yako akakushika mkono, akaugeuza, akawaita wenzake waje waone.

"Hina imekukolea, mwanangu. Nani fundi wako?"

"Fundi wangu yuko hospitali, shangazi. Ananipaka kwa vidonge."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Zuhura akakupiga picha, viganja vyako kando ya vya bibi harusi, na vyako ndivyo vilivyokolea zaidi. Mimi mtu wa bara, ambaye shemeji zangu hawajachoka kunitania, nilisimama mlangoni najiona nimeoa.

Tuliporudi Kibaha ndipo maumivu yalipoanza. Kikombe kilikushinda, ukawa unatembea kwa visigino. Nilisema twende hospitali, ukakataa, wekundu bado. Wenzako wanavimeza vidonge hivyo hivyo na kazi wanafanya, ukasema, ila wewe ndiye mlegevu. Uliendelea kumeza mpaka ngozi ikabanduka. Siku ya kliniki ilipofika walikusimamishia dawa, halafu wakakupunguzia.

Mikono ikapona. Wewe hukupona. Madaktari walisema ugonjwa ulikuwa umekwisha kufika kwenye ini, na mimi niliwaamini. Lakini lile neno mlegevu ulizikwa nalo Kisarawe, na limeninyima raha kila nikikaa peke yangu. Siku hizi nakaa peke yangu karibu muda wote.

Mwezi uliopita waliniita kliniki. Wanalinganisha jinsi dawa hizi zinavyofanya kazi kwa watu wetu na zinavyofanya kwa watu wa nchi nyingine. Daktari, binti wa umri wa Zuhura, aliniamkia, akanieleza taratibu. Wengi waliojaribishiwa dawa ile mwanzoni walikuwa watu weupe, na kwao ngozi ikiungua inakuwa nyekundu. Kwetu, kuungua kule kule mara nyingi kunaonekana kwa weusi. Kama dawa inatusaidia sawa na wao, na kama kipimo chao ndicho kinachotufaa, alisema bado wanachunguza. Niliyasikia yote, ila nilikuwa na swali moja tu. Nikamuuliza kama mke wangu alikuwa mlegevu.

"Hapana, mzee. Mikono yake ilisema mapema. Sisi wote tulikuwa tunasubiri rangi nyingine."

Nikamwonyesha ile picha ya mikono yako aliyoipiga Zuhura harusini, akaniomba niitoe, wagonjwa wapya waione. Niliona uchungu kuitoa. Ile ni mikono yako na kicheko chako, na hukupenda watu wajue unaumwa. Mwishowe nilimpa, uso tukaukata.

Leo nilikwenda kuiona. Imebandikwa ukutani, pale watu wanaposubiri. Mama mmoja aliyetoka Kwala na ndugu yake aliitazama, akafungua viganja vyake, akaitazama tena. Hakusubiri kuitwa jina. Aliinuka, akatembea kwa visigino mpaka mlango wa daktari, akabisha.

Nikageuka kushoto nikuonyeshe. Kwenye kiti chako palikuwa na mkoba wa mtu nisiyemjua.

Nimerudi nyumbani, Zuhura hajapiga. Kesho nitasimama dirishani kidogo kama kawaida, kisha nitamimina chai ya mtu mmoja. Lala salama, mke wangu. Hukuwa mlegevu. Ni hilo tu nililotaka kukuambia tangu asubuhi.

Mumeo,
Baba Zuhura