Moshi wa Pikapu ya Nafula

Mpendwa Baba Nafula,

Kifua chako kinaendeleaje? Na ile ng'ombe nyeusi, imeanza kula? Mimi niko mzima hapa Nyeri, ila baridi ya huu mlima inanivalisha sweta mbili. Nakuandikia kwa sababu nikisema kwa simu Nafula atasikia aanze kunicheka tena.

Unajua msichana wetu ndiye anayeletea shule moja hapa mchele kutoka Mwea, na kwa pikapu yake mwenyewe. Nitajie mwingine huko Kitale aliye na mtoto kama huyo. Sasa shule ikamwambia asipoleta cheti cha ukaguzi wa gari kufikia Ijumaa, kazi inapewa mwingine. Jumatatu tukaenda. Mkaguzi akatia kifaa chake kwenye ekzosi, Nafula akakanyaga mafuta, tukafunikwa na moshi mweusi kama wa kuchoma matairi. Gari ikaanguka mtihani.

Fundi wa kwanza akabadilisha filta ya dizeli. Wa pili akasafisha nozeli za kunyunyizia dizeli, akasema, "Mathe, hii injini imezeeka." Nikamwambia hata mimi nimezeeka na sitoi moshi.

Alhamisi tukarudi, moshi ni ule ule. Nafula alikuwa karibu kulia. Akafungua boneti mwenyewe, akapapasa mpaka kwenye mdomo wa bomba la kuingiza hewa kwa injini, akavua kitambaa cha rangi ya waridi.

Baba Nafula, ni mimi. Wewe unajua kwetu hakuna kiti, redio wala thamosi isiyo na kitambaa. Niliona vumbi ya Mwea ikiingia hapo, nikaishonea pikapu kitambaa chake, nikatia na kipande cha blanketi ndani.

Mkaguzi akauliza, "Hii nayo ni nini?"

"Ni mama," Nafula akasema. Kisha akanigeukia polepole. "Mama, gari pia inapumua." Akacheka mpaka akakaa chini.

Ikapimwa tena, moshi hakuna. Cheti tuko nacho na kazi ni yake.

Jumapili wamama wa kanisa wakaniuliza habari. Nikawaambia Nafula alitoa kwa injini kitu ambacho mafundi wawili hawakukiona. Hata mchungaji alipiga makofi. Ni kitu gani, hakuna aliyeuliza.

Nisalimie dada yako mkubwa, na jirani yetu wa maziwa umwambie tu pikapu imepita ukaguzi. Ukiwasomea barua hii, ruka hapo katikati.

Ni mimi mkeo,
Mama Nafula