Picha za Kujazia

Kwa dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi, wewe na mama. Natumaini goti lako limepoa, na mama bado anakufokea kwa sauti ya mtu asiyejua anapiga kelele. Sisi huku hatujambo, kazi tu.

Video ya harusi yangu imepona. Uliniandikia kwamba mama, tangu masikio yamwishe, huifungua kila Jumapili ili asome maneno ya marehemu baba midomoni, ila analalamika kuwa baba amekuwa na kigugumizi. Nilicheka. Kisha nikaitazama hapa studio, wenzangu wamekwenda kula, nikaona mama hakosei. Midomo inasita, halafu inaruka.

Kamera ile ilipiga picha ishirini na nne kila sekunde. Fundi aliyetuwekea kwenye diski alitaka thelathini, basi kila picha nne akazifanya tano kwa kujazia. Kati ya hizo tano, mbili si picha za kweli. Ni mseto wa jirani zake, zina mistari kama meno ya kitana. Dawa ni kuiambia programu zile tano zinaanzia wapi, nayo iutenganishe mseto, irudishe nne. Rahisi kusema! Siku tatu nzima nilianzia picha moja nyuma, programu ikawa inapasua zilizo nzima na kuacha za mseto. Mimi, fundi wa miaka tisa! Bosi aliniuliza kama nimesahau kuhesabu. Nikasingizia miwani.

Kilichonionyesha kosa ni mkono wa wifi yako, pale anapomkabidhi baba kipaza sauti. Nilipozisogeza picha moja moja, nikaona mikono miwili, mmoja unakuja, mmoja unaondoka. Nikahesabu kuanzia hapo, na midomo ya baba ikatulia.

Sasa maneno yote yanasomeka. Unakumbuka alivyotushangaza, harusini kabisa, kusema mficha maradhi kifo humuumbua? Shangazi alikunja uso, watu wakaangua kicheko. Ili niwe na hakika kwamba mama atalipata lile neno la mwisho, nimelirudia mara zisizo na idadi, baba akinitazama usoni. Dada, nimeshindwa.

Wifi yako aliondoka. Sasa ni miezi kumi na moja. Hatukugombana, alisema amechoka kuishi na mtu anayezungumza na skrini, akafunga sanduku lake. Barua zangu zote, kwamba ana mafua, kwamba amepaka jikoni rangi, kwamba anakusalimu sana, nilikuwa najazia. Niliona aibu. Tena nikiandika “sisi,” nyumba ilipungua ukimya kidogo. Hata hapo juu neno hilo limeniponyoka.

Umesema utakuja mwezi ujao kumwona. Hutamkuta. Njoo hivyo hivyo, tafadhali, nina upweke mno. Na mama, akishamaliza kumsoma baba, atakuuliza habari zetu kama kawaida yake. Usinifichie. Mwambie polepole, mkitazamana, ili asome vizuri.

Nisalimie majirani wanaonikumbuka. Huku anayekusalimu ni mtu mmoja.

Mdogo wako,
Macho Manne