Prosesa ya Laptop ya Mutunga

S.L.P. 27,
Kasikeu.
13 Septemba 1998

Mpendwa kaka Mutie,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Waendeleaje na baridi ya huko Kanada? Wifi yangu Wamucii na watoto hawajambo? Sisi tuko salama kwa neema ya Mungu. Mama miguu humsumbua asubuhi, lakini kanisani hakosi. Mbaazi tumevuna kidogo tu, sasa tunangoja mvua.

Uliniuliza kama ulete prosesa mpya ukija Desemba, tuiweke kwenye laptop ya marehemu ndugu yetu Mutunga. Nimechelewa kukujibu kwa sababu jambo lenyewe limekuwa na mengi.

Unajua tangu ajali ile ya Malili iliyomchukua, mimi ndiye ninayeitumia. Nachapa mitihani ya shule na barua za watu wa hapa sokoni. Ilikuwa imekuwa nzito sana. Ukifungua ukurasa mmoja, unaweza kwenda kuteka maji urudi kabla haujafunguka. Shule moja ikahamisha mitihani yake Emali, na nyingine zikaanza kunung'unika. Kazi hii ndiyo inayotulisha mimi na Mama.

Lakini kuna jambo ambalo sikukuandikia. Feni ya laptop hiyo ilikuwa ikivuma kwa kupanda na kushuka, kama mtu aliyelala kifua kimembana. Unakumbuka Mutunga na pumu yake. Siku moja mchana Mama alinikuta nikichapa, akasimama kwenye mlango wa chumba ninachochapia.

"Huyo ni Mutunga anapumua," akasema.

Nilimwambia ni mashine. Akavuta kiti, akakaa. Kuanzia siku hiyo, kila nikiiwasha alikuja, na nikiizima aliniuliza kwa nini namnyima mtoto wake hewa. Kaka, niliogopa. Nikaanza kuiacha ikiwaka hata kama sina kazi. Baadaye nami nikawa naisikia vile anavyoisikia yeye.

Mwezi uliopita niliipeleka Makindu kwa Gachanja, yule fundi wa redio ambaye siku hizi anatengeneza kompyuta pia. Aliifungua mezani, akanionyesha.

"Prosesa hii, yaani ubongo wa mashine, imechomelewa kwenye bodi, dada. Ukiilazimisha itoke unaweza kuua mashine yote. Mwambie ndugu yako asinunue. Ongeza memori, kwa kuchapa itatosha."

Kisha akagusa feni kwa ncha ya bisibisi. "Lakini hii imekwisha. Hiyo sauti unayosikia ni feni inakufa. Ikisimama, prosesa itaungua, na hapo hutakuwa na kitu."

Nilitoka nje, nikatembea mpaka karibu na hekalu la Kalasinga, nikarudi. Nikamwambia aibadilishe feni na kuongeza memori. Hakuelewa kwa nini nilikuwa nalia, na sikumweleza.

Nyumbani niliiwasha Mama akiwa kando yangu. Ilifunguka upesi, wala haikutoa sauti. Mama akainamisha sikio, akangoja. Nami nikangoja, hata kumeza mate nikaogopa. Mwishowe akaweka kiganja juu yake, pale penye joto.

"Sasa amepumzika," akasema, akaenda zake kupepeta mbaazi. Hajarudi kukaa humo chumbani tena, na chakula anakula vizuri.

Kwa hivyo prosesa usinunue, kaka. Kazi inaenda, na ile shule iliyohamia Emali imerudi. Nisalimie wifi na watoto, na binamu yetu Ndululu mkionana. Mama anakuombea, na shangazi Kaluki anasema usije ukiwa umekonda. Mungu awafunike nyote na kuwafikisha nyumbani salama.

Ukifika, kaa nami kidogo katika chumba kile, hata kama hatutaongea. Mama ameacha kumsikia. Mimi bado vidole hunisimama katikati ya neno, nikasikiliza.

Dada yako akupendaye,
Ndila