Samadi ya Mwaka wa Mwisho wa Baba

Mtsheko, Engcobo,
14 Septemba 1998.

Mpendwa wifi yangu Vuyelwa,

Salamu nyingi kutoka huku milimani, zikukute mzima huko Cape Town. Kile kikohozi kimepona? Usinijibu "kidogo" kama kawaida yako. Sisi tunaendelea vizuri. Mama anatembea bila mkongojo, na ulimi wake ndio kabisa haujawahi kuhitaji mkongojo.

Sinovuyo wangu ana meno manane na anauma nayo yote. Lakini wifi, mwezi wa Machi, katikati ya mvua, nusura tumpoteze. Aliharisha mpaka macho yakazama, nikakaa naye hospitali siku tisa. Hadi leo akilala sana namwamsha.

Baadaye bibi shamba alikuja kuiangalia chemchemi yetu. Aliinua macho hadi kwenye zizi la baba, pale juu yake, akasema bila kupaka sukari, "Mama zangu, mnakunywa samadi." Miaka tisa tangu baba afariki hakuna aliyelisafisha zizi lile. Limejaa hadi ng'ombe wakisimama ndani wanachungulia juu ya ukuta kama majirani wambeya. Mvua ikipiga, maji ya kijani yanateremka moja kwa moja chemchemini. Alitushauri tuitoe yote kabla ya mvua za Oktoba, tuirundike mahali tambarare ng'ambo ya chemchemi na kuifunika, tuchimbe mfereji, na shambani tutie kiasi tu wakati wa kupanda.

Ugumu unaujua. Mke aliyeolewa hakanyagi zizi la ukweni. Wanaume wa jirani walikuwa tayari kusaidia, ila walitaka mtu wa nyumba hii aanze. Nikamwandikia kaka yako Mzoxolo huko mgodini, akajibu atakuja Krismasi. Mume wangu nampenda, lakini mvua haimjui.

Wiki mbili zilizopita radi ya kwanza ikanguruma. Nikavua viatu, nikachukua sepetu, nikaingia. Ndiyo, mimi, mchana kweupe, Mama ananitazama kutoka mlangoni. Sikuingia kwa jeuri, wifi. Nilikuwa nalia.

Siku tatu hakunisemesha. Alikula nilichopika, kisha akamshukuru paka. Siku ya nne akaenda langoni mwa zizi, kwenye kaburi la baba, nikamsikia akimwita kwa jina la ukoo wake:

"Dlomo, usimkaripie huyu mtoto wa watu. Kataka maji safi tu. Ukitaka kugomba, gombana na mwanao, kila Krismasi anakuja na redio mpya na mgongo unaouma!"

Akanigeukia. "Na wewe umesimama nini? Chimba!"

Majirani wakaja siku hiyohiyo. Rundo sasa liko ng'ambo, limefunikwa kwa nyasi na mabati makuukuu, na mfereji umekwisha. Maji ya mtoto bado tunayachemsha.

Jumamosi tukafika chini kabisa, tukakuta mabua ya mtama. Baba ndiye aliyekuwa akiwatandikia ng'ombe mabua, na tangu afe hatujapanda mtama tena. Kwa hiyo hiyo ni samadi ya mwaka wake wa mwisho. Mama aliniomba konzi moja, akaifikicha, akasimama nayo muda mrefu. Wanaume wakaweka sepetu chini bila kuambiwa.

Wifi, najua mwajiri wako alikunyima ruhusa ukayakosa mazishi. Najua pia kwamba ndiyo sababu hurudi. Hapa hakuna anayekulaumu, na mimi nimekukumbuka sana. Kufika chini hakutoshi, maana mvua ikiikuta samadi hiyo itateremka nayo, na bibi shamba anasema tuna wiki tatu. Lakini Mama amekataza isiguswe. Haya ni maneno yake kama alivyoyatamka:

"Mwambie hiyo iliyobaki ni yake. Yeye ni binti wa zizi hili, aingie wima. Hakumzika baba yake. Basi aje aichukue kazi ya mwisho ya babaye kwa mikono yake, aipeleke shambani, tupande mtama."

Wasalimie wanao, Ayabulela na Zintle. Mzee Gxowa na mkewe wanakusalimu. Mungu na wazee wetu wakusafishie njia.

Kitanda chako nimeshakitandika. Njoo, wifi.

Ni mimi nikupendaye bila kuchoka,
Nokhanyiso