Mchanga Uliofagiliwa

Akello mjukuu wangu,

Huku Mulago tuko salama, goti la bibi yako limepata nafuu. Umeuliza kwa nini sitaki kuja kisiwani kuuona ule ufukwe unakowapeleka watalii.

Nilikuwa polisi hapo, bado kijana. Mtumbwi ulizama ziwani, na kijana mmoja hakupatikana. Kila asubuhi mama yake aliufagia mchanga wote, ili mwanawe akirudi nyayo zake zionekane. Watalii waliupiga picha wakiwa kwenye boti, wakasifu ulivyo laini. Sisi polisi tulipita kwenye nyasi, tusimpe tumaini la bure.

Waonyeshe wageni, mjukuu wangu, ni pazuri kweli. Yule mzazi alishafariki, lakini mimi bado naogopa kuacha nyayo pale.

Babu yako