Siku Tuliyokula Nje ya Geti

Ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa,
S.L.P. 318.
Jumapili, tarehe 9 Septemba

Mpendwa Shemeji,

Kwanza hali. Ule mgongo umepoa, au bado unakulaza chali? Na mumeo, kifua chake kimeizoea baridi ya huko? Mapacha nasikia wanaota meno. Basi poleni na kukesha. Sisi huku hatujambo. Dada yangu, ambaye siku hizi nyumba nzima inamwita Shangazi kwa ajili ya mtoto, bado yuko jikoni hospitalini, na bado anadai wagonjwa wanaponywa na uji wake, madaktari wanatia sahihi tu. Mimi cherehani inazunguka. Shule zimefungua na kila mzazi anataka sare iwe tayari jana.

Niwie radhi kwa kukawia. Tikiti zako tatu za bustani ya bembea zilifika, tukaenda, ikapita wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, nami sijashika kalamu. Nilitaka kwanza niwe na hakika na ninachokuandikia.

Ushauri wako tuliufuata. Ulisema tushibe kwanza nyumbani, tubebe maji yetu, na tusinunue kitu karibu na geti, maana pale watu wanatozwa kwa njaa yao, si kwa chakula. Shangazi aliamka mapema akachemsha mayai na viazi, akakata karoti, akapaka mikate siagi ya karanga, akaongeza machungwa. Alifunga kikapu kama mtu anayehama. Mimi nilikuwa namtazama Pindo. Binti yangu alikunywa nusu kikombe cha chai, mkate akaumega, akauacha. Kama kawaida yake.

Sijawahi kukuandikia wazi hali ilivyokuwa, ingawa najua Shangazi alikudokezea. Tangu dada yako atutoke, miezi saba sasa, mtoto alikuwa anadonoa tu kama ndege. Gauni nililomshonea mwezi wa tatu nimelibana ubavuni mara mbili. Mwalimu wake wa darasa aliniita. Ndiyo maana ulipoandika kwamba mambo yasipobadilika utamchukua Pindo akakae kwako, sikukasirika. Niliumia, lakini sikukasirika. Nilijua unasema kwa upendo, na kwamba yule ni mtoto wa dada yako.

Turudi kwenye safari. Getini mlinzi, mama mmoja mwenye filimbi shingoni, alifunua kikapu akatikisa kichwa. Maji na matunda ruhusa, chakula kilichopikwa hapana. Shangazi akaanza kumsomesha habari za mafuta yanayokaangiwa mara kumi na yanavyomfanya mtu tumboni. Mlinzi alimsikiliza mpaka mwisho, tena bila kununa, kisha akatuonyesha makabati ya kufungia mizigo, na ng'ambo ya maegesho ya magari, meza za saruji zilizoezekwa bati. Alisema tukitaka kula tutoke, tugongwe muhuri mkononi, tutarudi bila kulipa tena. Akaongeza kwa sauti ya chini kwamba yeye na watoto wake hula pale pale. Uwaambie na majirani zako wakienda mahali kama pale: waulizie muhuri. Na maji tuliyobeba yalipokwisha tulijaza chupa kwenye bomba lililo nyuma ya vyoo, wakati watu wako kwenye foleni ya soda na hawalioni.

Ndani, Pindo alipanda na Shangazi ile treni ya kupanda na kushuka. Mimi nilibaki chini nawashikia viatu. Shangazi alishuka kilemba kiko shingoni, akaapa kwamba roho yake imebaki kule juu na mimi niende nikaidai. Pindo alicheka. Shemeji, nilikuwa nimeusahau mlio wa kicheko chake.

Basi hapo ndipo akili iliponiruka. Saa saba mchana tulipita mbele ya kibanda cha vibanzi na kuku, harufu imetanda, naye akageuza shingo. Kugeuza shingo tu. Mimi huyo, dirishani. Bei yake nyumbani ni mlo wa siku tatu, nikalipa. Nikamkalisha Pindo, nikaweka sahani mbele yake, nikasimama. Alikula vibanzi viwili. Cha tatu alikigeuzageuza, akakirudisha.

Nikamwambia, "Hata hiki? Sasa unataka nikupe nini, Pindo?"

Sikupaza sauti, lakini maneno yalikuwa na miba, na watu wa meza ya pili waligeuka.

Hakulia. Aliendelea kuiangalia sahani, akasema, "Baba, nyote mnaniangalia mdomo. Mama alikuwa anakula na mimi. Wewe huli."

Ni kweli, Shemeji. Miezi saba nimekuwa nikimwekea sahani, nasimama mlangoni kama mkaguzi, nahesabu matonge, kisha narudi kwenye cherehani. Changu nilikula wima, au sikula. Mkanda nimeutoboa tundu mpya mbili wala sikujiuliza kwa nini. Mimi, fundi, nabana gauni la mtoto, na suruali yangu mwenyewe inaniporomoka sioni.

Nilimwomba radhi, pale pale mbele za watu. Shangazi akafunga vibanzi kwenye karatasi, tukagongwa muhuri, tukachukua kikapu kabatini, tukaenda kwenye zile meza za saruji. Nilikaa ubavuni mwake badala ya kumkabili. Nikala. Hapo ndipo nilipojua nina njaa. Nilimeza mayai mawili mfululizo, Shangazi akaniuliza nimetoka jela gani. Wakaanza kubishana nani alipiga kelele zaidi kwenye treni. Macho yangu niliyaelekeza kwenye magari. Nikasikia yai linagongwa mezani, ganda linapasuka. Sikugeuka. Nikasikia la pili. Nilipogeuka kutafuta karoti, karoti zilikuwa zimekwisha. Kilibaki kiazi kimoja, naye akaniuliza kama nakitaka. Nikasema tugawane. Hata vile vibanzi, vimeshapoa na kulegea, vililiwa vyote.

Sitaki kukudanganya kwamba siku moja ilimaliza kila kitu. Jumatatu yake alirudi kwenye nusu kikombe. Jumatano akala vizuri. Kuna siku analia katikati ya tonge, na mimi nalia, tunanawa uso, tunamalizia. Lakini sasa mchana nazima cherehani na kuketi naye. Mteja akigonga, atasubiri. Juzi kwenye zahanati mizani ilisema ameongeza kilo moja na nusu. Nilimwomba nesi apime tena, akapima, ikasema vile vile. Ndipo nikaona sasa naweza kukuandikia.

Kuhusu kumchukua, nilimsomea barua yako, kwa sababu maisha ni yake. Nikamweleza kwamba kwako kuna mapacha, kuna uwanja wa kuchezea, kuna shule nzuri, na akitaka kwenda sitamzuia wala sitanuna. Alifikiri mpaka nikajuta kuuliza. Kisha akasema atakuja likizo, awabebe mapacha na akuone wewe.

"Lakini nisikae sana," akasema. "Baba atakula na nani?"

Jibu ndilo hilo, Shemeji. Naomba ulipokee bila kinyongo, na chumba ulichomtengea kisibadilishwe, kwa sababu shule ndiyo kwanza zimefungua na tayari anauliza atabeba nguo ngapi.

Msalimie sana mumeo. Wapakate mapacha kwa niaba yetu, na Mjomba Mrefu mwambie koti lake liko tayari, mikono nimeiongeza inchi mbili kama alivyotaka. Bibi naye mpe salamu zake peke yake, asije akasema tumemchanganya na kundi. Shangazi anakusalimu na anasema mgongo unataka supu na kulala mapema.

Mungu aibariki meza yenu, riziki isipungue, wala asikosekane wa kuketi naye.

Ni mimi shemeji yako anayekupenda na kukushukuru,

Baba Pindo